Majaribio ya dawa za figo yana habari gani kwa mgonjwa wa Kikima?

MGONJWA ambaye figo zake zimeshindwa kabisa kufanya kazi, na ambaye makao yake ni Kikima juu ya milima ya Mbooni katika Kaunti ya Makueni, hulazimika kushuka mlima mara mbili kwa wiki. Huenda hospitali kubwa, iwe Wote, Machakos au Nairobi, akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa takribani saa nne, kisha akarejea nyumbani akiwa mchovu asiyeweza hata kuinua jembe. Anayekosa vikao viwili vitatu mfululizo, maji humjaa mwilini, madini ya potasiamu hupanda katika damu, na moyo waweza kusimama ghafla.

Gharama nayo si haba. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) mnamo Oktoba 2024, ilikuwa ikilipia Sh9,500 kwa kila kikao, vikao viwili kwa wiki. Kwa mwaka mzima hesabu hiyo hufika Sh988,000 kwa mgonjwa mmoja, bila kutia nauli, chakula cha njiani wala siku za kazi zinazopotea kwake na kwa jamaa anayemsindikiza. Mpango wa MakueniCare, ulioanzishwa na serikali ya kaunti mwaka wa 2016 chini ya Gavana Kivutha Kibwana, uliziwezesha familia kutibiwa katika hospitali za umma za kaunti hiyo kwa kulipa Sh500 pekee kwa mwaka. Hata hivyo, hakuna bima iwezayo kuufupisha mlima.

Ndiyo maana majaribio ya tiba ya figo ambayo matokeo yake yametangazwa tangu mwaka wa 2019 yana uzito wa pekee kwa watu wa sehemu kama hizi. Mengi ya majaribio hayo hayakuhusu mashine. Yalihusu tembe, na swali lililoulizwa lilikuwa moja: je, mtu ambaye figo zake zimeanza kudhoofika aweza kucheleweshwa asifike kwenye mashine, na kwa muda gani?

Katika majaribio ya aina hii wagonjwa hugawanywa makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa dawa inayochunguzwa, na kundi la pili hupewa dawa nyingine au tembe iliyofanana nayo lakini isiyo na dawa ndani. Mgonjwa hajui amepewa ipi, na mara nyingi daktari wake pia hajui. Baada ya miaka kadhaa huhesabiwa ni wangapi katika kila kundi waliofikia kushindwa kwa figo, na ni wangapi waliofariki. Bila mgawanyo huo wa bahati nasibu ni rahisi kudanganyika, kwa maana wenye uwezo wa kununua dawa mpya kwa kawaida ndio pia wenye chakula bora na daktari wa karibu.

Jaribio lililofungua ukurasa huu mpya liliitwa CREDENCE. Lilihusu watu 4,401 wenye kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Dawa iliyopimwa, canagliflozin, ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kushusha sukari tu. Jaribio lilikatizwa kabla ya wakati wake kwa sababu faida ilikuwa imejidhihirisha: matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2019 yalionyesha kuwa hatari ya figo kushindwa, au mgonjwa kufa kwa ajili ya figo au moyo, ilipungua kwa asilimia 30.

Mwaka uliofuata likaja jaribio la DAPA-CKD, ambalo ndilo lenye mafunzo mengi zaidi kwa msomaji wa kawaida. Liliwahusisha watu 4,304, na takribani theluthi moja yao hawakuwa na kisukari hata kidogo. Walipewa dapagliflozin, dawa ya jamii moja na canagliflozin. Jaribio hili nalo lilisimamishwa mapema, na magazeti ya ulimwengu yakatangaza kuwa hatari ilikuwa imepungua kwa asilimia 39.

Asilimia hiyo yafaa kufunguliwa, maana wengi huisoma kana kwamba wagonjwa 39 kati ya kila 100 waliponywa. Sivyo. Kila kundi lilikuwa na watu 2,152. Katika kundi lililopewa tembe isiyo na dawa, watu 312 walipoteza nusu au zaidi ya nguvu ya figo zao, au walifikia kushindwa kwa figo, au walikufa kwa ajili ya figo au moyo. Katika kundi lililopewa dawa, waliofikwa na hayo walikuwa 197. Kwa maneno mengine, kati ya wagonjwa 100 ambao hawakupata dawa walioathirika walikuwa kama 14 au 15, na kati ya 100 walioipata walioathirika walikuwa tisa, katika muda wa miaka miwili na miezi kadhaa. Ili mtu mmoja aepushwe na balaa hilo katika kipindi hicho, ilibidi watu 19 wanywe dawa kila siku. Vifo vya sababu zote vilikuwa 146 upande mmoja na 101 upande wa pili.

Kwa mizani ya udaktari hiyo ni faida kubwa, hasa kwa ugonjwa ambao kwa muda mrefu haukuwa na jambo jipya la kutumainiwa. Lakini hakuna aliyeponywa. Figo ziliendelea kuchakaa, ila kwa mwendo wa polepole zaidi.

Jaribio la tatu, EMPA-KIDNEY, lilitangazwa Novemba 2022 na kuthibitisha jambo hilo kwa dawa ya empagliflozin miongoni mwa watu 6,609, wakiwemo ambao mkojo wao haukuwa na protini nyingi. Walioathirika walikuwa asilimia 13.1 kwa waliopata dawa na asilimia 16.9 kwa wasioipata.

Inawezekanaje dawa ya sukari imsaidie mtu asiye na sukari? Jibu limo katika umbo la figo lenyewe. Kila figo ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Damu huingia katika kila kichujio kwa mshipa mmoja na kutoka kwa mshipa mwingine. Kisukari na shinikizo la damu huongeza nguvu ya damu ndani ya kichujio, na nguvu hiyo ikidumu, utando hutoboka, protini huvuja na kichujio hufa. Mkulima wa Mbooni hahitaji kufundishwa jambo hili: maji ya mvua yakiachwa kushuka kwa kasi hubeba udongo wote, na ndiyo sababu miteremko ya huko imechongwa matuta tangu enzi za mababu.

Dawa za zamani kama vile ramipril, enalapril na losartan hupanua mshipa wa kutokea, na hivyo kupunguza msukumo ndani ya kichujio. Dawa hizi mpya huzuia figo kurudisha sukari na chumvi mwilini. Chumvi hiyo ipitapo zaidi ndani ya figo, mshipa wa kuingilia hujibana. Moja hufungua mlango wa nyuma, nyingine huegesha mlango wa mbele. Kwa sababu hiyo hazishindani. Karibu wagonjwa wote wa DAPA-CKD, asilimia 97, walikuwa tayari wakitumia dawa ya zamani, na ile mpya iliongezwa juu yake.

Utendaji huo una athari moja ambayo imewatia hofu wagonjwa na hata baadhi ya wahudumu wa afya. Katika wiki za kwanza kipimo cha damu huonyesha kana kwamba figo zimezidi kudhoofika, kwa sababu msukumo umepungua. Upungufu mdogo wa namna hiyo ulitarajiwa na ulionekana katika majaribio yote, kisha baada ya miezi mstari ukageuka na waliopata dawa wakawa mbele. Anayeacha dawa kwa kuogopa kipimo cha mwezi wa kwanza huikosa faida ambayo ingekuja katika mwaka wa tatu.

Swali la kuacha dawa limewahi kufanyiwa jaribio lake maalumu. Kwa miaka mingi baadhi ya madaktari waliamini kuwa figo zikisha kudhoofika sana, dawa za jamii ya ramipril na losartan huwa mzigo na yafaa ziondolewe. Jaribio la STOP-ACEi nchini Uingereza liliwagawanya wagonjwa 411 wa hatua za mwisho mwisho, wengine wakaacha na wengine wakaendelea. Baada ya miaka mitatu, kama lilivyotangazwa mwaka wa 2022, walioacha hawakuwa na nafuu yoyote. Waliofikia kushindwa kwa figo au kuhitaji mashine walikuwa asilimia 62 kwa walioacha na asilimia 56 kwa walioendelea, tofauti ambayo haikutosha kuthibitisha madhara lakini ilitosha kuivunja ile imani ya kale.

Hapa ndipo lizukapo suala ambalo mkazi wa Ukambani ana haki ya kuliuliza kwa sauti: watu wa aina yake walikuwa wangapi katika majaribio hayo? Wachache mno. Katika DAPA-CKD, lililofanywa katika nchi 21, hakukuwa na nchi hata moja ya Afrika. EMPA-KIDNEY lilifanywa katika nchi nane, na Afrika haikuwamo. Katika yote mawili watu weusi walikuwa kama wanne katika kila 100. Hakuna dalili kwamba dawa hizi hazifanyi kazi kwao, na utendaji wake ndani ya figo haujui rangi ya ngozi. Hata hivyo, imani hiyo imejengwa juu ya idadi ndogo.

Yapo majaribio mawili yanayolisogeza jambo hili karibu na nyumbani. La kwanza, AASK, lilifanywa nchini Marekani miongoni mwa Wamarekani weusi 1,094 wenye shinikizo la damu na figo zilizodhoofika, wasio na kisukari. Lilizilinganisha ramipril, metoprolol na amlodipine. Kundi la amlodipine lilisimamishwa mwaka wa 2000 kabla ya wenzake, na matokeo kamili ya mwaka wa 2002 yalionyesha ramipril ikizilinda figo kuliko hizo mbili. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba kushusha shinikizo chini zaidi ya kiwango cha kawaida hakukuongeza ulinzi kwa jumla. Aina ya dawa ilikuwa na uzito kuliko tarakimu ya mashine ya kupimia.

La pili ni CREOLE, na hili lilifanywa Afrika yenyewe: Kenya, Uganda, Msumbiji, Nigeria, Kamerun na Afrika Kusini. Wagonjwa 728 wa shinikizo la damu waligawanywa katika makundi matatu, kila kundi likipewa dawa mbili kwa pamoja. Matokeo ya mwaka wa 2019 yalibainisha kuwa mchanganyiko wowote wenye amlodipine ulishusha shinikizo zaidi, kwa takribani vipimo vitatu, kuliko mchanganyiko wa perindopril na hydrochlorothiazide. CREOLE halikuwa jaribio la figo, lakini shinikizo lisilodhibitiwa ni miongoni mwa mambo makuu yanayoziua figo katika eneo hili.

Mtu akisoma majaribio haya mawili bila utulivu atadhani yanapingana: moja linaishusha amlodipine, jingine linaipandisha. Ukweli ni kwamba yaliuliza maswali tofauti. Kwa kushusha shinikizo la Mwafrika, amlodipine ina nguvu. Kwa kuilinda figo inayovuja protini, dawa ya jamii ya ramipril ndiyo mlinzi. Na mojawapo ya michanganyiko miwili iliyoshinda katika CREOLE ilikuwa amlodipine pamoja na perindopril, ambayo ni ndugu wa ramipril. Mgonjwa mwenye matatizo yote mawili ana sababu ya kumwuliza daktari wake kuhusu kuzitumia zote mbili pamoja, na dawa hizi ni za siku nyingi, hutengenezwa na kampuni kadha wa kadha na bei yake si ya kutisha.

Utafiti haukusimamia hapo. Mwaka wa 2024 jaribio la FLOW lilionyesha kuwa semaglutide, sindano ya mara moja kwa wiki, ilipunguza hatari kwa asilimia 24 miongoni mwa watu 3,533 wenye kisukari na ugonjwa wa figo. Mwaka wa 2025 jaribio la CONFIDENCE lililinganisha finerenone peke yake, empagliflozin peke yake, na zote mbili zikianzwa kwa pamoja. Waliopewa zote mbili walipunguza protini kwenye mkojo kwa asilimia 29 zaidi ya waliopewa finerenone tu, na asilimia 32 zaidi ya waliopewa empagliflozin tu. Ni habari njema, ila ikumbukwe kuwa kilichopimwa hapo kilikuwa protini katika muda wa miezi sita. Idadi ya waliookolewa na mashine haikuhesabiwa.

Kuhusu bei, dapagliflozin na empagliflozin zilikuwa ghali zilipoingia sokoni. Hataza ya dapagliflozin nchini India ilimalizika Oktoba 2020, na ya empagliflozin Machi 2025, na kampuni nyingi za huko zikaanza kuzitengeneza kwa bei ya chini mno. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza dawa za jamii hii katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2021, na Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lake la kwanza kabisa kuhusu afya ya figo.

Kikwazo kikubwa kingali kugundua ugonjwa mapema, kwa kuwa faida yote iliyoelezwa humu huwafikia waliogunduliwa wakiwa bado na figo za kulindwa. Ugonjwa huu hauumi. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake akiendelea kulima, kuchota maji na kwenda sokoni. Miguu inapovimba, hamu ya chakula inapopotea na kichefuchefu kinapoanza, muda mwingi huwa umekwisha kupita.

Vipimo vinavyohitajika si vya ajabu. Kimoja ni cha mkojo, kwa karatasi ndogo inayobadilika rangi panapokuwa na protini, ambacho chaweza kufanywa hata katika zahanati. Cha pili ni cha damu, kupima kreatinini. Mwongozo wa kimataifa unashauri kila mwenye kisukari apimwe vyote viwili angalau mara moja kwa mwaka. Kipimo cha kreatinini chenyewe kina dosari kwa Waafrika. Utafiti uliofanywa Malawi, Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka wa 2022 uligundua kuwa hesabu zinazotumiwa hukadiria nguvu ya figo kuwa kubwa kuliko ilivyo, na hivyo baadhi ya wagonjwa huambiwa wako salama ilhali sivyo. Kwa hiyo kipimo cha mkojo, kwa urahisi wake wote, hakifai kudharauliwa.

Zipo tahadhari pia. Dawa za jamii ya dapagliflozin hukojosha, na huweza kuleta ukungu sehemu za siri. Aidha, kwa nadra, damu ya mwenye kisukari hujaa asidi hata kama sukari yake haijapanda sana. Anayeharisha, anayetapika au ambaye hawezi kula hushauriwa kuzisitisha kwa muda, na wenye kisukari cha aina ya kwanza walikuwa wachache mno katika majaribio makuu ya figo. Mwenye kutumia ramipril au losartan pamoja na dawa ya kukojosha ana hatari nyingine iliyo karibu zaidi, nayo ni dawa za maumivu kama vile ibuprofen na diclofenac, ambazo wengi hununua dukani kwa ajili ya mgongo na magoti baada ya kazi ya shamba. Zikikutana tatu hizo, hasa wakati wa jua kali na maji machache, figo zaweza kuzimika katika siku chache.

Kwa wale ambao tayari wako kwenye mashine, habari ni chache zaidi. Jaribio la CONVINCE, lililofanywa Ulaya kwa wagonjwa 1,360, lilionyesha mwaka wa 2023 kuwa njia ya kusafisha damu inayotumia kiasi kikubwa cha maji yaliyotakaswa ilipunguza vifo, kutoka asilimia 21.9 hadi 17.3. Njia hiyo huhitaji maji safi kupindukia na vikao vitatu kwa wiki. Penye vikao viwili, na maji ya kubahatisha, ni jambo la baadaye.

Lililo karibu zaidi ni jaribio la miaka ya nyuma, IDEAL, lililofanywa Australia na New Zealand na kutangazwa mwaka wa 2010. Watu wazima 828 waligawanywa: nusu waanzishiwe mashine mapema, nusu wasubiri wakifuatiliwa kwa karibu hadi dalili zijitokeze au figo zishuke zaidi. Idadi ya waliofariki haikutofautiana kwa maana yoyote. Waliosubiri walianza mashine, kwa kadirio la kati, karibu miezi sita baada ya wenzao, muda ambao kwa mgonjwa wa Kikima ni sawa na safari zaidi ya 40 za kushuka mlima. Hata hivyo, robo tatu ya waliopangiwa kusubiri hawakuweza kufika kiwango kilichowekwa. Dalili ziliwatangulia, na kwa kuwa walikuwa wakionwa na daktari mara kwa mara, walianzishiwa mashine kwa wakati.